TUSIFUNGE BARZA



Wengi wetu tunajua Yakusu, pale chini ya mto kutoka Kisangani. Wabatisti wa Uingereza (B.M.S.) walifungua misioni pale mu miaka ya 1890. Nyumba za zamani za wamisionere na wachungaji, kule na hapa mjini, zinafanana: ukuta mnene wa matofali, plafo ya juu, matundu ya hewa, mabati yanayotoka mbali nje ya ukuta, na barza ndefu mbele.

Leo zingine zinaingia mikononi mwa watu binafsi. Hatusemi ni vibaya, maana nyumba bila watu inakufa. Hata ku Uingereza nyumba nyingi za mapadri wa Anglikana ziliuzwa mu karne ya 20, zikawa za jamaa. Sisi tunalalamika juu ya kitu kimoja tu. Mwenye nyumba mpya anaanzaga na barza: anaita fundi, anaifunga na ukuta, anapata vyumba viwili.

Tuone hesabu yake. Kisangani iko karibu na ikweta. Joto haliishi, na mvua inapita milimeta 1,600 kila mwaka. Barza ilizuia jua lisipige ukuta na mvua isilowanishe matofali. Matundu ya juu yalitoa hewa ya moto. Ukifunga yote, chumba cha katikati kinakuwa giza, ukuta unaota ukungu, halafu unanunua klimatizeri. Umeme ukikatika, iko sanduku tu.

Tena, barza ilikuwa mlango wa watu wote. Mjane, mgeni, mwanafunzi aliyekosa minervali, kila mtu alikaa pale na kusema shida yake, na jamaa ya mchungaji ikabaki na siri yake ndani. Mchungaji amehama, lakini wageni hawajaisha. Sasa watakaa wapi?

Watatujibu: watoto ni wengi, vyumba havitoshi. Ni kweli. Lakini parsele za zamani mara nyingi ni kubwa. Vyumba vipya vijengwe nyuma, barza iachwe.

Na sisi wanafunzi tusikae kulaumu tu. Tuombe ruhusa kwa wenye nyumba, tuchukue meta na daftari, tupime barza, milango na matundu, tuchore plani. Nyumba ikibomolewa, fundi wa kesho apate pa kuangalia.