Kaya Si Ngome ya Shetani

Majuzi, kwenye mazishi huko Kilifi, mhubiri alimwacha marehemu kando akaanza kuzishambulia kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda wa pwani ya Kenya. Alisema misitu ile ni ngome ya shetani, kwamba ndiyo inayotufunga Wamijikenda katika umaskini, na kwamba siku itakapofyekwa yote baraka zitamiminika. Watu wakaitikia amina, tena kwa nguvu, wakiwemo wale ambao babu zao wamezikwa humo humo kayani.

Nimeusikia upuuzi huu tangu utotoni na nimeuchoka. Misitu ya kaya ipo hadi leo kwa sababu iliogopwa. Wazee walisema usikate mti, usiokote hata ukuni uliojiangukia, na atakayevunja mwiko atatoa mnyama wa kutakasa. Hapakuwa na askari wala seng'enge. Tembea kutoka Kwale hadi Kilifi uone: mashamba yamefika ukingoni, viwanja vimepimwa, makaa yamechomwa, na palipobaki mvule na mbambakofi wa kale, mara nyingi ni kayani. Mwaka 2008 UNESCO iliziweka kaya hizi katika orodha ya urithi wa dunia. Mhubiri wetu hakulitaja hilo.

Nenda Kaya Kinondo, karibu na Diani, si mbali na mahoteli. Unafungwa kaniki nyeusi kiunoni kabla ya kuingia. Hatua chache tu na joto la barabarani limekatika. Gogo kubwa limelala njiani, limeoza, uyoga umeota ubavuni, na hakuna aliyethubutu kulipasua kuni ingawa kijiji kiko jirani. Nje ya mpaka, gogo kama hilo halimalizi siku mbili.

Wanaomtetea mhubiri hunijibu kwamba pepo hukaa mitini, hivyo mti ukikatwa pepo hukimbia. Hoja ya kitoto hii. Kama shetani anafukuzwa kwa shoka, wachoma makaa wangekuwa wametuokoa zamani. Vilima vingapi vya pwani vimebaki vipara? Watu wake wametajirika? Visima vyao vimejaa?

Mkoloni aliielewa nguvu ya kaya kuliko huyu mwana wa nyumbani. Mekatilili wa Menza, mwanamke shujaa wa hapa kwetu, alipowaapisha Wagiriama mwaka 1913 wasikubali kodi na kazi za Waingereza, aliwaapishia Kaya Fungo. Mwaka uliofuata Waingereza wakailipua kaya hiyo kwa baruti. Walijua kwamba ukivunja pale umevunja watu. Leo kazi ile inaendelezwa kwa kipaza sauti, na sadaka tunatoa sisi wenyewe.

Na maneno haya yanaua. Kilifi wazee wanakatwa mapanga kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi ukichimba chini ya kesi unakuta shamba ambalo vijana wa ukoo wanataka kuliuza. Mzee anayejua mipaka ya kaya, anayejua mti upi ni dawa, ndiye huyo huyo anayeitwa mchawi kwa mvi zake. Na si walio hai tu wanaoumia: vigango, nguzo za mbao za kuwakumbuka wafu wetu, viliibwa vikauzwa hadi makumbusho ya Marekani, na vingine vimerudishwa baada ya miaka ya kubembeleza. Hata miti haikusalimika: mwaka 2022 mibuyu ya Kilifi iling'olewa pamoja na mizizi yake ili ipelekwe nchi ya Georgia. Serikali nayo inatutangazia miti bilioni 15 ifikapo 2032, viongozi wanapigwa picha na miche, huku mabwanyenye wakimega kingo za kaya kwa hati ambazo hakuna anayetaka kueleza zilitoka wapi.

Mhubiri ana haki ya kuhubiri Injili. Hana haki ya kusimama juu ya maiti ya mtu akawachochea wafiwa wauteketeze msitu ambao hakuupanda, hakuulinda, na hajawahi hata kuuingia. Wazee wa kaya wanaomba jambo dogo: mipaka ipimwe upya na waliovamia waondolewe. Kama anatafuta wezi wa baraka zetu, aanze na hao wavamizi, na awataje kwa majina Jumapili ijayo.