Nguzo moja, nyaya za wengi: mvutano wa Kenya unaozigusa nchi jirani

Katika vitongoji vingi vya Nairobi, nguzo ya umeme haibebi umeme peke yake. Chini ya nyaya za shirika la umeme, Kenya Power, zimefungwa kebo nyeusi za kampuni mbalimbali za intaneti, baadhi zikiwa na vikunjo vya akiba vilivyoning'inizwa kama mizinga ya nyuki. Nyingine zina kibali na hulipiwa kodi kila mwaka, nyingine zilipandishwa na mafundi bila ya mwenye nguzo kuarifiwa.

Kwa nyakati tofauti Kenya Power imetangaza kuziondoa kebo zisizo na idhini, ikieleza kuwa zinahatarisha maisha ya mafundi wake na kuzielemea nguzo. Kampuni za intaneti nazo hulalamika kuwa gharama za kupitisha kebo ni kubwa na kwamba taratibu za kuomba nafasi huchukua muda mrefu. Katikati ya mvutano huo yuko mteja ambaye hukuta intaneti imekatika asubuhi asijue amlaumu nani.

Jambo hili laweza kuonekana kuwa dogo, kwa kuwa linahusu miti, vibano na boliti. Hata hivyo, ndani yake mna swali ambalo Afrika Mashariki haijalijibu kikamilifu: nguzo iliyosimamishwa kwa fedha za umma ikishabeba biashara za watu wengi, nani anawajibika kwayo, na nani anapaswa kunufaika na kodi yake?

Kebo hushikwaje juu?

Kebo ya simu au intaneti hainyooshwi ikakaza kama uzi wa mwashi. Huachwa ininginie kidogo katikati ya nguzo mbili, na kiasi cha kuning'inia huko hukokotolewa mapema. Ukikipunguza kwa nusu ili kebo ionekane nadhifu, nguvu inayozivuta nguzo huongezeka karibu maradufu. Ukikizidisha, kebo hushuka hadi kuguswa na malori yaliyosheheni mizigo, na lori moja likiinasa laweza kuburuta nguzo kadhaa kwa mpigo.

Nguzo iliyo katikati ya mstari ulionyooka huvutwa pande mbili kwa nguvu zinazolingana, hivyo haina taabu kubwa. Tatizo liko kwenye nguzo za pembeni na za mwisho, ambazo huvutwa upande mmoja. Hizo huhitaji waya mzito wa chuma unaoshuka kwa mshazari na kufungwa kwenye nanga iliyozikwa ardhini. Kebo yenyewe hushikwa na vibano maalumu: vipo vya kuining'iniza inapopita, na vipo vya kuikamata inapoishia, ambavyo huizungushia vijiti vya chuma vilivyosokotwa ili isiteleze wala isibanwe ikavunjika nyuzi zake za kioo.

Kila kifaa kati ya hivyo kina mzigo kiliochokadiriwa. Fundi anayeongeza kebo ya nne au ya tano bila hesabu, akaifunga kwa kipande cha waya badala ya kibano, huwa ameongeza mzigo ambao haukuwamo katika mahesabu ya aliyeisimika nguzo. Nguzo za miti, ambazo nyingi ni mikaratusi iliyotiwa dawa, huoza kwanza pale zinapokutana na udongo, mahali ambapo jicho la mpita njia halifiki. Nguzo ya namna hiyo yaweza kusimama miaka mingi ikiwa na nyaya zake za awali, kisha ikaanguka siku ya upepo baada ya kubebeshwa za wengine.

Ipo pia hatari ya umeme. Kebo nyingi za kisasa za nyuzi za kioo hutengenezwa bila ya chuma chochote ili zipite karibu na umeme kwa usalama. Lakini zipo zinazobebwa na waya wa chuma. Waya wa umeme ukikatika na kuuangukia waya huo, mtu anayeishika kebo mtaa wa pili, akidhani ni ya intaneti tu, aweza kupoteza maisha.

Kutoka mwenye mmoja hadi wengi

Hali haikuwa hivi tangu mwanzo. Hadi mwaka 1977, Kenya, Uganda na Tanzania zilihudumiwa na shirika moja la posta na simu la Afrika Mashariki. Shirika hilo lilimiliki nguzo, waya uliofungwa juu yake na mtambo wa simu uliokuwa mwisho wa waya huo. Nguzo ikianguka, aliyepaswa kuisimamisha alijulikana.

Baada ya jumuiya ya awali kuvunjika, kila nchi iliunda shirika lake, na baadaye mashirika hayo nayo yakagawanywa. Nchini Kenya, shirika la posta na simu liligawanywa mwaka 1999, ikazaliwa Telkom Kenya, ambayo asilimia 51 ya hisa zake ziliuzwa kwa France Telecom mwaka 2007. Kufikia wakati huo simu za mkononi zilikuwa zimeshaenea, na nyaya za shaba zilizobaki juu ya nguzo zilikuwa zikiibwa na kuuzwa kama vyuma chakavu. Mtandao wa simu za nguzoni ukafifia.

Kisha ikaja mikongo ya baharini. Mwaka 2009 mikongo ya TEAMS na SEACOM ilifika pwani ya Afrika Mashariki, ikafuatiwa na EASSy mwaka 2010. Ghafla intaneti ya kasi ilikuwapo Mombasa na Dar es Salaam, na kilichohitajika ni njia ya kuifikisha majumbani. Nguzo za simu zilikuwa zimekwisha au zimechakaa. Zilizokuwa zimesimama kila mtaa ni za umeme, na kampuni zikaanza kuzipanda.

Nani amelipia nguzo?

Kuzika kebo ardhini ni salama zaidi, lakini huhitaji kuchimba, kurudishia barabara na kupata vibali vya mamlaka za barabara na za kaunti. Kupitisha juu ya nguzo zilizokwisha kusimama hugharimu sehemu ndogo tu ya fedha hizo. Ndiyo maana mitaa ya watu wa kipato cha chini, ambako kampuni hutarajia malipo madogo ya kila mwezi, aghalabu hufikiwa kwa nguzo. Kodi ya nguzo ikipanda sana, mitaa hiyo ndiyo ya kwanza kuachwa.

Kenya Power ina hoja nzito. Ni kampuni iliyo katika soko la hisa, serikali ikimiliki zaidi kidogo ya nusu ya hisa zake, na imekuwa na miaka ya matatizo ya kifedha. Nguzo ni mali yake, matengenezo ni gharama yake, na ajali ikitokea jina lake ndilo hutajwa kwanza. Haioni sababu ya kampuni yenye faida kuitumia mali hiyo bure.

Lakini nguzo hizo zimelipiwa na nani? Gharama za kujenga na kutunza mtandao wa umeme huingizwa katika bei anayotozwa mteja wa umeme. Mteja huyo, mara nyingi, ndiye huyohuyo anayelipia intaneti. Kama kodi ya nguzo inaongezwa kwenye bei ya intaneti bila kupunguza chochote katika bili ya umeme, basi nyumba moja inailipia nguzo moja mara mbili. Hoja hii husikika mara chache katika malumbano ya kampuni, kwa sababu hakuna upande wa kuipigania.

Uamuzi ni mgumu kwa kuwa wasimamizi ni wengi. Umeme husimamiwa na Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli, EPRA, na intaneti na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Serikali za kaunti nazo hudai ada kwa miundombinu inayopita katika maeneo yao. Nguzo iko mahali ambapo mamlaka hizo zinakutana, na palipo na wasimamizi watatu, kila mmoja hudhani mwenzake ndiye atakayekemea.

Nchi nyingine zimepitia njia hii. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1978 iliyompa msimamizi wa mawasiliano uwezo wa kudhibiti kodi ya nguzo, ikifuata gharama halisi za mwenye nguzo, na mwaka 1996 sheria ikawalazimu wenye nguzo kutoa nafasi kwa washindani bila ubaguzi. Migogoro haikwisha, lakini angalau kila upande unajua mahali pa kupeleka shauri.

Vyuma vinavyowavutia wezi

Kuhamia kwenye nyuzi za kioo kuliaminika kungemaliza wizi, kwa kuwa kioo hakina soko kama shaba. Wezi wakageukia vinavyoshikilia nyaya. Tarehe 11 Januari 2022, minara ya njia kuu ya umeme kati ya Kiambere na Embakasi ilianguka na sehemu kubwa ya Kenya ikawa gizani. Uharibifu wa makusudi ulitajwa kuwa chanzo, na siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka huohuo.

Uganda imepitia masaibu hayohayo. Minara ya umeme wa msongo mkubwa imeangushwa baada ya wezi kuvifungua vyuma vya mshazari vinavyoipa uimara, na mwaka 2022 sheria ya umeme ilirekebishwa kuongeza adhabu. Minara ya aina hiyo hubeba pia mawasiliano: juu kabisa hupita waya wa kinga dhidi ya radi ambao ndani yake mna nyuzi za kioo. Anayeiangusha minara kwa ajili ya vyuma vya kuuza kwa kilo aweza kukata umeme na intaneti kwa tendo moja.

Njia ya Tanzania

Tanzania ilichagua mfumo tofauti. Ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza mwaka 2009 chini ya serikali, na uendeshaji wake ukakabidhiwa TTCL. Sehemu ya nyuzi zake hupita kwenye njia za umeme za TANESCO. Kwa kuwa mwenye nguzo na mwenye mkongo wote ni mashirika ya umma, mabishano ya kodi yaweza kumalizwa katika meza moja ya serikali.

Mfumo huo nao una udhaifu wake. Kampuni binafsi hulazimika kununua uwezo kutoka kwa shirika ambalo pia ni mshindani wao, na kasi ya kufika mitaani hutegemea bajeti ya serikali. Utulivu wa nguzo waweza kuja na ushindani hafifu, kama ambavyo ushindani wa Nairobi umekuja na msongamano wa nyaya.

Kwa nini jirani wajali

Rwanda na Burundi hazina bahari. Mawasiliano yao na dunia hupita kwa sehemu kubwa katika ardhi ya Tanzania, Uganda na Kenya kabla ya kufika kwenye mikongo ya pwani. Mkongo wa Tanzania hufika mpakani Rusumo kwa upande wa Rwanda na Kabanga kwa upande wa Burundi. Mwezi Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika baharini, nchi nyingi za kanda zilihisi kwa pamoja. Mkasa kama huo huandikwa na kila gazeti. Kukatika kwa njia ya nchi kavu, nguzo ikianguka au mnara ukiibiwa vyuma, hakuandikwi, ingawa mtumiaji wa Kigali au Bujumbura aweza kupata athari ileile.

Nchi hizo mbili zilijenga mikongo yao ya ndani: Rwanda kwa mpango wa serikali, Burundi kupitia ubia wa serikali na kampuni za simu unaoitwa BBS. Hata hivyo, ubora wa mkongo wa ndani hauwezi kuupita ule wa njia unayotegemea nje ya mpaka. Mteja wa mwisho hulipia pia udhaifu wa nguzo ambazo hajawahi kuziona.

Serikali ya Kenya imeahidi kuweka kilomita 100,000 za nyuzi za kioo nchini, na nguzo za umeme ni sehemu ya njia zitakazotumika. Ahadi hiyo yaweza kuwa fursa ya kuweka mambo sawa kabla ya mzigo kuongezeka: kila kebo iwe na alama ya mwenyewe, idadi ya kebo kwa nguzo iwe na kikomo, kodi ifuate gharama na kiasi chake kijulikane kwa umma, na mteja aarifiwe kabla ya kebo kukatwa. Masharti hayo hayahitaji teknolojia mpya. Yanahitaji mamlaka za nishati, za mawasiliano na kaunti ziketi pamoja na kukubaliana nani mwenye neno la mwisho.

Kilomita hizo zikipandishwa nguzoni kabla ya makubaliano hayo, gharama ya kuzipanga upya itakuwa kubwa zaidi kuliko ya kuzipanga vyema sasa, na itaingia kwenye bili za wateja wa pande zote za mpaka.