Petroli ya ajali si neema





Mwezi uliopita lori la mafuta lilipinduka karibu na kijiji chetu wakati wa mapumziko ya shule. Kabla sijatoka darasani, wanafunzi wangu 9 wa Darasa la Tano walikwisha kuchukua ndoo za kumwagilia bustani na kukimbilia huko. Niliwakuta wameinama mtaroni pamoja na mama zao wakichota petroli, huku pikipiki zikiwashwa hatua chache tu kutoka pale. Mungu alisaidia, moto haukuwaka. Kesho yake nilipowauliza, mmoja alinijibu: "Mwalimu, baba alisema hii ni neema."

Neema hiyo tunaijua. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota, moto ukalipuka, na waliokufa walizidi 100. Kabla ya hapo wenzetu wa Kenya walipoteza watu zaidi ya 100 huko Sachang'wan Januari 2009, na wa Kongo zaidi ya 200 huko Sange Julai 2010. Nchi ni mbalimbali, kisa ni kile kile.

Wengi husema chanzo ni tamaa. Mimi naona hiyo ni nusu tu ya ukweli. Kwanza, hatujui. Tunadhani petroli haiwaki mpaka iguswe na kiberiti, kumbe kinachowaka ni mvuke wake. Mvuke huo hauonekani, tena ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini, hujaa mitaroni na kufika mbali na lori lenyewe. Cheche moja ya pikipiki, sigara au betri inayong'olewa yatosha.

Pili, soko lipo. Hapa nakiri kosa langu. Miaka michache iliyopita nilinunua dumu la petroli ya namna hiyo kwa ajili ya pikipiki yangu, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuliko ya kituoni. Sikuuliza nani aliichota. Leo najua kwamba anayenunua ndiye anayemtuma mtoto na ndoo. Na wanunuzi ndio sisi: walimu, wenye maduka, waendesha bodaboda, na hata baadhi ya viongozi wetu.

Kwa hiyo natoa maoni yafuatayo. Serikali za vijiji vilivyo barabarani ziitishe mikutano na kukubaliana kwamba lori likipinduka, mgambo wazuie watu na vyombo vya moto kusogea, na simu ipigwe mara moja Zimamoto, namba 114. Petroli ya ajali isinunuliwe na mtu yeyote kijijini. Sisi walimu tulifundishe jambo hili darasani bila kungoja ajali.

Na ikiwa mtu ameungua, nguo zikiwaka alale chini na kubingirika. Kisha mahali palipoungua pamwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, pafunikwe kitambaa safi, na apelekwe hospitali. Asipakwe dawa ya meno, mafuta wala asali.

Wanafunzi wale 9 wapo darasani leo, nami nawaita majina kila asubuhi. Siku ile nilibakiza kidogo tu niwe na daftari la mahudhurio lenye majina yasiyoitikiwa. Wazazi wenzangu, dumu moja la petroli halina thamani hiyo.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilosa, Morogoro.