Si kila kipindi cha sauti kinafaa kumwongoza mkulima

MIAKA michache iliyopita, mimi na shemeji yangu tulikodi eka moja wilayani Mkuranga tukalima matikiti maji. Ushauri huo hatukuupata kwa bwana shamba wala kwa jirani. Tuliupata kwenye simu, katika kipindi cha sauti ambacho shemeji alikipakua kutoka kwenye intaneti, tukakisikiliza pamoja tukiwa safarini.

Mtangazaji alikuwa na sauti nzuri na hesabu nzuri zaidi. Alisema eka moja inachukua mashimo 2,000, kila shimo mche mmoja, kila mche matunda mawili na kila tunda Sh1,000. Jumla ni Sh4 milioni, tena kwa miezi mitatu tu. Hesabu ile haikukosewa kuzidisha. Kasoro yake ni kwamba ilikuwa ya kuzidisha tu, haikuwa na kutoa.

Hakutaja nzi wa matunda. Hakutaja mafuta ya pampu ya maji. Zaidi ya yote, hakutaja kwamba maelfu ya watu wengine wangesikia hesabu hiyo hiyo na kuvuna wiki hiyo hiyo. Tulipofikisha mzigo barabarani, matikiti yalikuwa yamepangwa pande zote mbili na mnunuzi ndiye aliyekuwa akipanga bei. Hatukurudisha hata nusu ya mtaji. Shemeji, aliyekuwa amekopa sehemu yake kwenye kikundi, alilipa deni kwa kuuza pikipiki.

Sisimulii haya ili kuwatisha wakulima wasisikilize vipindi vya aina hiyo, ambavyo kwa jina la siku hizi huitwa podikasti. Kinyume chake, naamini ni chombo kizuri kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo. Redio ikishapita imepita. Kama wakati wa kipindi cha kilimo ulikuwa kisimani au sokoni, umekikosa. Podikasti inakusubiri. Unaipakua mara moja, unaisikiliza ukipalilia, unairudia pale ulipokosa kuelewa, kisha unamrushia mwenzako kwenye simu yake. Gharama yake pia si kubwa: kipindi cha nusu saa kilichorekodiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde kina takriban megabaiti 14, kiasi ambacho picha za video humaliza kwa dakika chache.

Hoja yangu ni kwamba wingi wa vipindi umekuwa mkubwa kuliko umakini wa wanaovichagua. Neno lenyewe lilianza kuonekana magazetini Uingereza mwaka 2004, na tangu hapo yeyote mwenye simu na kipaza sauti anaweza kuwa mtangazaji. Hilo ni jema, lakini maana yake ni kwamba kazi ya kuchuja, ambayo zamani ilifanywa na mhariri wa redio, sasa iko mikononi mwa msikilizaji mwenyewe.

Achuje kwa kipimo gani? Cha kwanza ni kujiuliza kipindi kinamzungumzia nani. Mwaka 1975, mtangazaji wa kilimo kutoka Canada, George Atkins, alikwenda Zambia kukutana na watangazaji wenzake. Aligundua kuwa redio nyingi zilikuwa zikitangaza habari za matrekta na pembejeo za gharama kubwa kwa wasikilizaji wanaolima kwa jembe la mkono. Kutokana na hilo, mwaka 1979 alianzisha mtandao wa kuwapatia watangazaji habari zinazomfaa mkulima mdogo, ambao leo unajulikana kama Farm Radio International. Kosa alilolikuta wakati ule bado lipo. Kipindi kinachokufundisha kufuga kuku 5,000 kwenye banda la kisasa kinaweza kuwa cha kweli kabisa, lakini kwako wewe mwenye kuku 40 hakina kazi.

Kipimo cha pili ni mahali na wakati. Kipindi kizuri hutaja wilaya, aina ya udongo, mwezi wa kupanda na mbegu iliyotumika. Ushauri wa nyanda za juu za Mbeya haufai kuhamishiwa pwani bila marekebisho. Aidha, angalia tarehe ya kurekodiwa, kwa sababu podikasti haiozi kama nyanya. Hubaki palepale hata ushauri wake ukichakaa. Mdudu wa nyanya ambaye wakulima wetu humwita kantangaze aliingia nchini mwaka 2014, na viwavijeshi vamizi walianza kuripotiwa barani Afrika mwaka 2016. Kipindi cha mahindi kilichorekodiwa kabla ya hapo hakiwezi kukuokoa nao, hata kama mtangazaji wake alikuwa bingwa.

Tatu, sikiliza kama kuna kutoa. Mkulima anayehojiwa aulizwe alitumia kiasi gani, alipoteza kiasi gani na mwaka gani alishindwa. Mimi binafsi nimejifunza mengi zaidi kwa mama mmoja aliyeeleza jinsi vitunguu vyake vilivyooza ghalani kwa kuvunwa vikiwa vibichi kuliko kwa washindi kumi waliosimulia mafanikio. Mtu anayekubali kueleza hasara yake mbele ya watu hana cha kukuuzia.

Hapo ndipo kinapoingia kipimo cha nne: nani anayelipia? Si dhambi kampuni ya mbegu au ya dawa kudhamini kipindi, ilimradi iseme wazi. Lakini mtangazaji anapotaja jina la dawa moja mara sita, bila kueleza kiambato chake, kipimo cha kuchanganya wala siku za kusubiri kabla ya kuvuna, hilo si somo tena bali ni tangazo. Kabla ya kununua dawa hiyo, hakikisha imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), kisha usome kibandiko chake.

Wapo watakaosema kwamba mkulima hana muda wa kupima yote hayo, na kwamba kipindi kikiwa kikavu hakuna atakayekisikiliza. Hoja ya ukavu naikubali. Lakini burudani na ukweli si maadui. Mchezo wa redio wa The Archers ulianza kusikika Uingereza nzima Januari 1951, na lengo lake mojawapo lilikuwa kuwapa wakulima mbinu za kuongeza chakula baada ya vita. Watu waliufuatilia kwa ajili ya visa vya familia ile, huku elimu ikipenya taratibu. Hapa kwetu, Twende na Wakati iliyoanza Radio Tanzania mwaka 1993 iliwafundisha watu uzazi wa mpango na kujikinga na Ukimwi kwa njia hiyo hiyo. Hadithi nzuri haihitaji uongo.

Ama kuhusu muda, njia ya kuupunguza ipo. Usitafute kipindi maarufu, tafuta jibu la tatizo ulilonalo wiki hii. Andika kwenye simu zao na ugonjwa, kisha usikilize dakika tano za vipindi viwili au vitatu. Kile ambacho katika dakika tano hizo hakijataja mahali, kiasi wala gharama, kiache. Kilichobaki kipeleke kwa ofisa ugani au kwenye kikundi chenu, mkisikilize pamoja na mbishane. Na hata mkikubaliana, anzeni na robo eka.

Kwa upande wa vyuo vya kilimo, vituo vya utafiti na redio za jamii, nao wana deni. Mahojiano mengi mazuri na watafiti na wakulima hurushwa mara moja asubuhi, kisha hayasikiki tena. Kuyahifadhi kwenye intaneti kwa Kiswahili, yakiwa na tarehe, jina la mahali na jina la mtaalamu, hakuhitaji mradi wa mabilioni. Kunahitaji uamuzi. Wasipofanya hivyo, nafasi hiyo itaendelea kujazwa na watu wa kuzidisha.

Shemeji bado anasikiliza vipindi, ila siku hizi anasikiliza akiwa na daftari lenye safu mbili, ya mapato na ya matumizi. Safu ya pili ikibaki tupu hadi kipindi kinaisha, anakifuta. Wahenga walituonya kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hawakusema kila mwenye kipaza sauti ni mkuu.