Hati ya Kiwanja Si Ruhusa ya Kumwaga Uchafu kwa Jirani

Katika mitaa ya Busia na Malaba, upande wa Kenya, imani moja imeota mizizi: mwenye hati ya kiwanja hapangiwi na mtu. Kanuni za chama cha wakazi huonekana anasa ya matajiri wa Karen kule Nairobi, zisizomhusu mwenye ploti ya vyumba kumi kando ya barabara ya malori.

Sheria yenyewe haiungi mkono imani hiyo. Ibara ya 40 ya Katiba ya 2010 inalinda mali, lakini Ibara ya 66 inairuhusu serikali kudhibiti matumizi ya ardhi kwa ajili ya afya na usalama wa umma. Kwa majengo yaliyogawanywa nyumba nyumba na kuuzwa, sheria ya 2020 huwafanya wamiliki kuwa shirika moja, na kanuni zake huwafunga wote. Ploti za kawaida hazimo humo. Huko kanuni ni mapatano tu, na asiyetaka huyapuuza.

Lakini ni huko hasa zinakohitajika. Vyumba vinatazamana, ua ni mmoja, bomba ni moja, choo cha shimo kiko nyuma. Mwenye ploti akichimba choo karibu na kisima, wanaougua ni watoto wa ploti ya pili. Taka zikiziba mtaro, mvua ya Aprili huingia kwa jirani wa chini, ambaye hakutupa hata ganda la ndizi. Karen, nyumba zikitenganishwa na bustani, jirani mkaidi anavumilika.

La ajabu ni kwamba watu hawa hawa huishi kwa kanuni mchana kutwa. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kizinduliwe rasmi Februari 2018, anayeingia Uganda hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili upande wa Uganda. Mfanyabiashara hupanga foleni huko (kunung'unika hakukosi), kisha jioni hukataa mchango wa soja wa mtaa.

Kuna lalamiko moja la haki: viongozi wengine hawaonyeshi hesabu, na wapangaji, ambao ndio wengi, huletewa kanuni zilizokwisha kupitishwa na malandilodi. Dawa yake ni mkutano na daftari lililo wazi, si mgomo. Mpangaji apige kura, na kanuni ziandikwe katika mkataba wake kabla hajakabidhiwa ufunguo.