Vidonda vimekauka, mbona maumivu hayaishi?

SWALI: Mume wangu ana umri wa miaka 61. Miezi minne iliyopita alitokwa na malengelenge ubavuni, upande wa kushoto. Yalikauka, lakini maumivu yamebaki. Usiku shuka likimgusa hushtuka kama aliyechomwa. Wajukuu tumewakataza kumkaribia, na majirani wananong'ona kwamba ni ule ugonjwa. Yeye mwenyewe hataki kusikia habari za hospitali. Nifanye nini? – Mama K., Isiolo.

JIBU: Mama, pole kwa kuuguza, na mzee naye umfikishie pole zetu. Hatuwezi kumpima mtu kupitia gazetini, lakini hayo unayoyaeleza yanafanana sana na maradhi ya mkanda wa jeshi. Jina hilo halihitaji kufafanuliwa Isiolo, mji wa kambi za wanajeshi na chuo cha askari wa miguu: malengelenge hujipanga ubavuni au kiunoni mithili ya mshipi wa askari. Jambo la kwanza tunalotaka mlijue nyote wawili ni kwamba maumivu yanayobaki baada ya vidonda kupona si ya kubuni, si adhabu, na yanaweza kupunguzwa.

Asili yake

Mkanda wa jeshi huletwa na virusi vile vile vya tetekuwanga. Mtoto akipona tetekuwanga, virusi haviondoki mwilini. Hujificha katika mizizi ya neva karibu na uti wa mgongo, vikalala huko hata kwa miaka 50. Daktari mmoja wa mji wa Cirencester, Uingereza, Dkt Edgar Hope-Simpson, ndiye aliyelieleza jambo hili kinaganaga mwaka wa 1965, baada ya kuwafuatilia wagonjwa wake kwa miaka mingi. Kinga ya mwili ikilegea, virusi huamka na kufuata neva moja hadi kwenye ngozi. Ndiyo maana aghalabu mtu huhisi kuchomwachomwa siku kadhaa kabla ya kuona lengelenge lolote.

Kwa kuwa neva hiyo huhudumia upande mmoja tu wa mwili, mkanda kwa kawaida hukomea katikati ya kifua na kwenye uti wa mgongo. Ile imani kwamba ncha zake zikikutana mgonjwa hufa haina msingi.

Virusi vinapopita, huijeruhi neva yenyewe. Ngozi hupona kwa muda wa wiki 2 hadi 4, lakini neva iliyojeruhiwa huweza kuendelea kuupelekea ubongo habari za uongo: upepo mwanana huwa moto, shuka huwa miiba. Yakipita miezi mitatu, madaktari huyahesabu maumivu hayo kuwa sugu, na kadiri mtu alivyo mzee ndivyo uwezekano wa kubaki nayo unavyoongezeka.

Je, ni ule ugonjwa?

Minong'ono ya majirani ina historia yake. Mwaka wa 1988 madaktari waliokuwa Kinshasa waliripoti kwamba mkanda wa jeshi ulikuwa dalili mojawapo ya kutambulisha wenye virusi vya Ukimwi. Katika miaka iliyofuata, watu wengi wenye umri mdogo waliupata, na makovu yake yakawa kama tangazo mwilini.

Hata hivyo, si kila mwenye mkanda wa jeshi ana virusi hivyo. Umri pekee unatosha kulegeza kinga. Nchini Marekani inakadiriwa kwamba mtu 1 kati ya 3 huupata wakati fulani maishani mwake, wengi wao wakiwa wazee. Ushauri wetu ni mzee apimwe virusi hivyo, na apimwe kisukari pia, ili ajue hali yake. Majibu ni siri yake na daktari. Ikiwa anavyo, dawa za kuvidhibiti hutolewa bila malipo katika hospitali za umma, na anaweza kuishi miaka mingi. Ikiwa hana, mtalala usingizi. Kwa vyovyote, kukaa nyumbani hakumsaidii.

Kuhusu wajukuu, waacheni wamkumbatie babu yao, ila wasiuguse ubavu unaouma. Maji ya malengelenge mabichi ndiyo yanayoweza kumpa tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuiugua. Wakati huo vidonda hufunikwa, na mgonjwa hujitenga na wajawazito ambao hawajawahi kuugua tetekuwanga, watoto wachanga na wenye kinga dhaifu. Magamba yakishakauka, hatari hiyo huisha.

Kuyapunguza maumivu

Parasetamoli hufaa kwa maumivu madogo. Mtu mzima hasizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku. Lakini maumivu ya neva mara nyingi huicheka dawa hiyo. Kwa hayo daktari huweza kumwandikia amitriptilini, kidonge kidogo cha usiku, au gabapentini. Msishangae mkiambiwa kwamba amitriptilini ni dawa ya wenye huzuni. Kwa kiasi kidogo hutuliza neva. Haifanyi kazi kwa usiku mmoja. Mpe majuma kadhaa kabla ya kuilaumu. Huleta usingizi na kukausha kinywa, kwa hiyo mzee asichanganye na pombe, na amweleze daktari iwapo ana tatizo la moyo au la kukojoa. Kama ni mtafunaji wa miraa, aiache hasa jioni, kwani dawa inamlaza na miraa inamwamsha.

Nyumbani, mpe nguo laini za pamba. Wengine huona nafuu wakivaa fulana laini inayobana kidogo, kwa kuwa nguo inayopepea ndiyo inayochokoza ngozi. Kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi, kikikamuliwa na kuwekwa kwa dakika 15 hivi, hutuliza wengi. Ipo pia krimu inayotengenezwa kutokana na ukali wa pilipili, ambayo hupakwa ngozi iliyopona kabisa kwa maelekezo ya daktari. Tafadhali msitwange pilipili jikoni mkampaka!

Siku tatu za kwanza

Kwa wasomaji wengine, jambo kubwa ni kuwahi. Dawa ya asikloviri hupambana na virusi hivi, na hufaa zaidi ikianzwa katika saa 72 tangu malengelenge yatokeze. Kwa kawaida mtu mzima humeza miligramu 800 mara 5 kwa siku, kwa siku 7, kwa idhini ya daktari. Hufupisha ugonjwa na kupunguza ukali wa maumivu ya siku zile. Asiyekuwa karibu na Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Isiolo aende zahanati iliyo karibu. Mchungaji aliye malishoni huko Merti au Garba Tulla asingoje soko lijalo ndipo atafute gari.

Malengelenge yaoshwe kwa maji safi na sabuni, yakaushwe bila kusugua, yapakwe losheni ya kalamini ili kupunguza mwasho. Yasipasuliwe. Yasipakwe majivu, dawa ya meno wala oili ya gari; hayo huchoma na kuleta usaha.

Malengelenge yakitokea kwenye paji la uso, karibu na jicho au kwenye ncha ya pua, huo si wakati wa kungoja hata siku moja, maana jicho linaweza kupofuka. Hali kadhalika yakisambaa mwili mzima, au mgonjwa akipata homa kali na kuchanganyikiwa.

Chanjo ya kuzuia mkanda wa jeshi ipo, na nchi tajiri huwapa wazee wao, lakini haimo katika orodha ya chanjo za kawaida zinazotolewa na serikali yetu. Kwa sasa, kinga tuliyo nayo ni kuitambua dalili mapema. Ukihisi moto upande mmoja wa mwili usiojua chanzo chake, jikague ngozi asubuhi na jioni, na lengelenge la kwanza likitokeza, shika njia.