Kompyuta zisizoelewana ni hatari kwa mgonjwa

Wasimamizi wa hospitali siku hizi hutembelewa mno na wauzaji wa programu za kompyuta. Kila muuzaji huahidi kwamba programu yake pekee itafanya yote: kusajili wagonjwa, kupokea pesa, kutunza majibu ya maabara, kuhesabu dawa stoo na kupeleka madai ya bima. Mimi, baada ya miaka mingi ya kutibu watu hapa Makindu kando ya barabara ya Mombasa, nawashauri wasiinunue ahadi hiyo.

Iko njia nyingine, ambayo wataalamu huiita usanifu wa huduma. Jina hilo lilianza mwaka 1996 katika maandishi ya wachambuzi wa kampuni ya Gartner ya Marekani, lakini wazo lenyewe halitamshangaza mtu aliyewahi kulazwa. Daktari akitaka kujua kiwango cha damu ya mgonjwa, huandika fomu na kuipeleka maabara. Haulizi mashine ya huko ni ya aina gani, wala haendi kupekua madaftari ya watu. Hungoja karatasi ya majibu. Maabara ikinunua mashine mpya kesho, fomu ni ile ile. Programu nazo zaweza kujengwa hivyo: kila moja na kazi yake, ikipokea ombi lililoandikwa kwa namna iliyokubaliwa, na kujibu.

Msomaji anayelipa kwa M-Pesa ameliona jambo hili. Karani huandika namba yako ya simu kwenye kompyuta ya hospitali, na papo hapo simu yako inakuomba namba ya siri. Kompyuta ile haijui una shilingi ngapi. Imetuma ombi tu, ikajibiwa kwamba umelipa au hukulipa.

Kazi ngumu, na hapa ndipo mameneja wengi hukosea wakidhani ni suala la nyaya na mashine, ni kukubaliana juu ya maana ya kila neno na kila tarakimu. Chukua kipimo cha sukari. Maabara nyingine hutumia milimoli kwa lita, nyingine miligramu kwa desilita, na ya kwanza huzidishwa mara 18 kupata ya pili. Sukari ya 20 kwa hesabu ya kwanza imepanda vibaya, na mgonjwa huenda akahitaji insulini. Sukari ya 20 kwa hesabu ya pili imeshuka kiasi cha kumzimisha mtu, naye anahitaji glukosi mara moja. Kompyuta ikituma 20 bila kutaja kipimo, daktari wa zamu atampa mgonjwa dawa ya kumuua. Mkataba kati ya programu na programu lazima uyataje hayo, na kuuandika ni kazi ya madaktari na mafundi wa maabara wakiwa wameketi pamoja na watu wa kompyuta.

Jambo la pili ni utambulisho. Mkaazi wa Makueni huenda alijiandikisha katika MakueniCare, mpango ulioanza mwaka 2016 kwa shilingi 500 kwa mwaka kwa familia. Huenda pia alikuwa na namba ya NHIF, na tangu Oktoba 1, 2024 anatakiwa kuwa mwanachama wa SHA. Ongeza namba ya faili ya kila hospitali aliyopitia. Pasipo huduma moja inayojibu swali la "huyu ni nani", mtu mmoja huwa watu wanne. Kwa vituo vya afya nchi tayari ina Orodha Kuu. Isitoshe, tangu mwaka 2011 takwimu za kila mwezi hupelekwa Nairobi kupitia DHIS2, kazi nzuri sana. Hata hivyo, dereva wa lori aliyeanzishiwa dawa za kifua kikuu Changamwe akiugua njiani na kuletwa kwangu, takwimu za mwezi haziniambii anameza nini.

Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 inataka mfumo mmoja wa taifa wa habari za afya. Ni vyema, mradi mfumo mmoja usifasiriwe kuwa programu moja. Siku zilizofuata Oktoba 1, 2024, magazeti yaliripoti wagonjwa wa figo na saratani wakikwama kwa sababu mfumo mpya wa bima haukuwa ukifanya kazi ipasavyo. Huduma iliyo mbali itazimika tu, nasi wa Makindu tunajua umeme na mtandao. Hivyo programu ya hospitali iwe na uwezo wa kuweka ombi kwenye foleni na kulituma baadaye, huku matibabu yakiendelea. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43(2), inakataza kumnyima mtu matibabu ya dharura. Muuzaji na aonyeshe mahali ambapo programu yake inalitii hilo.

Faida nyingine ni siri. Mpokea pesa anahitaji kujua bei ya kipimo, hana haja ya kujua kama ni cha ukimwi, na huduma iliyopangwa vyema itampa bei tu.

Zahanati yenye muuguzi mmoja na kompyuta moja isijisumbue na haya yote. Programu ndogo inatosha, ikiwa inaweza kutoa kumbukumbu zake kwa namna ambayo programu nyingine itaisoma.

Na kwa wanaotia sahihi mikataba: mwaka 2025 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aliripoti kwamba mfumo wa SHA, wa shilingi bilioni 104.8, haukuwa mali ya Serikali. Ulizeni kabla ya kulipa ni nani atakayemiliki kumbukumbu za wagonjwa, na ni gharama gani kuzitoa siku mtakapomwachisha muuzaji kazi. Jibu liandikwe kwenye mkataba.